Anime ya kwanza: usimpe mtu orodha, mwulize kwanza



Ukishajulikana mtaani kuwa wewe ndiye mtu wa kompyuta, kazi zako hazina mpaka. Leo unaletewa simu iliyogoma kuwaka, kesho printa ya shule, keshokutwa kijana anakuja na flashi mkononi: "Kaka, niwekee anime kali." Kwangu mimi ombi hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Simu mbovu ina dalili zake, ukizifuata utafika. Lakini anime kali, kali kwa nani?

Intaneti imejaa majibu ya haraka. Anime 10 bora, anime 50 za lazima, anime 100 kabla hujafa. Karibu zote zimeandikwa na mashabiki kwa ajili ya mashabiki wenzao. Mtu wa kawaida, yule anayetazama filamu moja Jumamosi usiku baada ya kazi, hakufikiriwa kabisa. Matokeo yake anapewa kitu kisichomfaa, anatazama dakika ishirini, anakata shauri kwamba anime ni makelele ya watoto wenye nywele za rangi, na harudi tena. Mlango umefungwa, na aliyeufunga ni yule aliyempendekezea.

Msimamo wangu ni huu: usianze na orodha, anza na mtu. Mwulize mambo matatu. Nani atatazama? Ana muda na bando kiasi gani? Na ni jambo gani analijua tayari maishani mwake? Tuyachukue moja moja.

Swali la kwanza: nani atatazama?

Hili si swali la adabu tu. Huku kwetu simu ni ya nyumba nzima. Mama anapigia, baba anatumia M-Pesa, jioni watoto watatu wanaikodolea macho kwa pamoja. Na kwa watu wengi kitu chochote kilichochorwa ni katuni, na katuni ni ya mtoto. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mfano mzuri uko ndani ya studio moja. Tarehe 16 Aprili 1988, Studio Ghibli ya Japani ilitoa filamu mbili siku moja, zikionyeshwa pamoja. Ya kwanza ni My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki: dada wawili wanahamia shamba wakati mama yao yuko hospitali, na msituni wanakutana na kiumbe mkubwa mpole. Mtoto wa miaka minne anaielewa. Ya pili ni Grave of the Fireflies ya Isao Takahata: kaka na dada yake mdogo wanajaribu kuishi baada ya mji wao kuchomwa kwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, na njaa inawamaliza. Ni filamu kubwa, lakini usimwekee mtoto halafu ukaingia jikoni kupika. Studio moja, siku moja, mkono wa uchoraji unaofanana, na bado ni dunia mbili. Anime si aina ya hadithi. Ni njia ya kusimulia hadithi, kama vile kitabu kilivyo njia. Huwezi kusema "mpe mtoto kitabu" bila kuangalia jalada.

Swali la pili: muda na bando

Hapa niruhusuni nifanye hesabu, ndiyo kazi niliyosomea. Tuseme video inakuja kwa megabiti 1 kwa sekunde, kiwango cha kawaida tu kwa skrini ya simu. Dakika moja ni megabiti 60, gawanya kwa 8, unapata MB 7.5. Sehemu moja ya anime yenye dakika 24 inakula MB 180. Mfululizo wa sehemu 12 unakula kama GB 2.2. Totoro, yenye dakika 86, inakula MB 645 na hadithi imekwisha.

Sasa chukua One Piece, ambayo mashabiki hukimbilia kuitaja kwanza. Ilianza kwenye televisheni mwaka 1999 na imepita sehemu 1,100. Zidisha: dakika 26,400, yaani saa 440. Ukitazama saa moja kila siku bila kukosa utamaliza baada ya mwaka mmoja na miezi miwili na zaidi, ukiwa umetumia karibu GB 198. Sisemi One Piece ni mbaya. Nasema hilo si pendekezo, ni ndoa.

Kwa hiyo kanuni yangu: anime ya kwanza iwe na mwisho, na mwisho huo ufike kabla bando halijaisha. Filamu moja ni bora kuliko mfululizo. Mfululizo wa sehemu 12 au 26 ni bora kuliko wa 500. Mtu akimaliza hadithi nzima anabaki na hamu. Akiachia katikati anabaki na deni.

Swali la tatu: analijua jambo gani tayari?

Hili ndilo kubwa, na ndilo orodha za intaneti haziwezi kulijibu hata zikiandikwa na algoriti yenye akili namna gani. Algoriti inajua umetazama nini. Haijui unaishi wapi.

Mtu mzima wa Kwale akiniuliza, jibu langu ni moja: Princess Mononoke, ya Miyazaki, mwaka 1997, dakika 134, takriban GB 1 kwa hesabu yetu ya juu. Kijana Ashitaka amepata laana baada ya kumwua nguruwe mwitu aliyekuwa mungu wa msitu, na ndani ya mwili wa mnyama huyo kulikutwa risasi ya chuma. Anasafiri kutafuta chanzo chake. Anafika kwenye mji unaoyeyusha chuma kutoka kwenye mchanga, chini ya mama mmoja mwenye msimamo, Eboshi. Mchanga wa karibu umekwisha, na ulio mwingi uko chini ya msitu. Msitu nao una wenyewe: mbwa mwitu, miungu, na msichana San aliyelelewa na mbwa mwitu hao.

Je, hadithi hii ni ya kigeni kwako? Sisi tuna Kaya Kinondo, msitu ambao wazee wameulinda vizazi kwa vizazi: hukati mti, huchukui kitu, na mgeni anafungwa nguo nyeusi kabla ya kuingia. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwemo, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Na katika kaunti hiyo hiyo tumekuwa na mgodi wa mchanga wenye madini ya titaniamu. Shehena ya kwanza ilisafirishwa Februari 2014, na uchimbaji ukafikia mwisho Desemba 2024. Kuna familia zilizohamishwa kupisha mgodi. Kuna vijana waliopata ajira, na wanafunzi waliolipiwa karo. Uliza nyumba mbili utapata majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli.

Ndiyo sababu naipenda filamu hii kwa watu wa hapa. Miyazaki hakumfanya Eboshi kuwa shetani. Anaukata msitu, ndiyo, lakini pia amewapa kazi na heshima wanawake waliokuwa wameuzwa kwenye madanguro, na anawauguza wagonjwa wa ukoma kwa mikono yake. Msitu nao si malaika, unaua. Ashitaka anasimama katikati na hapewi jibu rahisi. Mtu aliyeishi kati ya kaya na mgodi hahitaji kufundishwa utamaduni wa Kijapani ili aguswe na jambo hilo. Mlango anaujua tayari, wewe kazi yako ni kumwonyesha ufunguo. Angalizo: mikono na vichwa vinakatwa humo, kwa hiyo watoto wadogo walale kwanza.

Kwa wengine natumia kanuni ile ile:

Mwendesha bodaboda, au binti anayeanza biashara: Kiki's Delivery Service (1989). Mchawi wa miaka 13 anahamia mji wa pwani na kuanza kupeleka mizigo kwa kuruka na ufagio. Wateja wasumbufu, mvua, siku ambazo chombo kinagoma kabisa. Badilisha ufagio uweke pikipiki, upo Ukunda.

Shabiki wa michezo: Haikyu!!, voliboli ya shule, msimu wa kwanza wa 2014 una sehemu 25. Ukiwa uliwashangilia Malkia Strikers walipocheza Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, utaelewa haraka. Wa mpira wa miguu ajaribu Blue Lock (2022), sehemu 24, washambuliaji 300 wanaogombea nafasi moja.

Mpenda visa vya polisi na wahalifu: Death Note (2006 hadi 2007), sehemu 37. Mwanafunzi anaokota daftari, na kila anayeandikwa jina humo anakufa. Swali ni nani amempa mtu mmoja haki ya kuhukumu.

Wenzangu wa kompyuta: Summer Wars (2009), filamu ya mtandao ambao dunia nzima imeutegemea, kisha ukavamiwa. Ukitaka kizito zaidi, Ghost in the Shell (1995), dakika 83 tu.

Na anayeniuliza "sisi Waafrika tumo?" namtajia Yasuke (2021), sehemu 6. Yasuke alikuwa mtu wa kweli. Alimtumikia mtawala wa kivita Oda Nobunaga kuanzia 1581 hadi Nobunaga alipokufa 1582, na mwandishi Mfaransa François Solier aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Msumbiji, yaani kusini mwa bahari hii hii yetu. Anime yenyewe imejaa roboti na uchawi, kwa hiyo usiitumie kujibu mtihani wa historia.

Najua pingamizi mbili zinakuja. Ya kwanza ni ya wazazi: mbona miungu, mizimu na wachawi wengi hivi? Ni swali la haki, na simwambii mzazi alichuje kwa vigezo vyangu. Namwambia atazame mwenyewe kwanza, kisha aamue. Nyumba isiyotaka mambo hayo bado ina Haikyu!!, ambayo ni jasho na mpira tu.

Ya pili ni lugha. Maandishi ya chini ya Kiingereza yanakimbia, na si kila mtu amezoea kusoma huku akitazama. Mashabiki watakwambia ukisikiliza sauti za Kiingereza badala ya Kijapani umeharibu. Upuuzi. Filamu za Ghibli zina sauti nzuri za Kiingereza, zitumie. Na kama Kiingereza nacho hakipandi, fanya kama DJ Afro anavyofanya na filamu za mapigano: simulia. Kaa karibu na bibi, mweleze kwa Kiswahili au Kidigo nani anasema nini. Totoro haina maneno mengi, itakwenda vizuri.

Na wewe unayejua kuandika programu, jua kwamba faili la maandishi ya chini la aina ya SRT ni maandishi matupu: namba, muda wa kuanza na kuisha, sentensi. Linafunguka hata kwa Notepad. Mtu akianza kuyaandika kwa Kiswahili safi, bibi hatahitaji msimulizi.

Kwa hiyo wiki hii, kijana akija na flashi, usimjazie GB 64 aende akapotee humo. Mwulize maswali matatu, mpe filamu moja, mwambie arudi akueleze ilikuwaje. Akirudi na swali, umeshinda. Hapo ndipo utampa ya pili.

Tutaonana wiki ijayo, inshallah.