Mtu Aliyeupeleka Umeme Mbali

Ukiona juu ya nguzo sanduku la chuma linalovuma, simama ulitazame. Ni transfoma. Bila chombo hicho umeme ungebaki karibu na mtambo wake, wala vijiji kama Kisiwani visingeutumaini. Mmoja wa waliokieneza, tena kwa kuhatarisha mali yake, ni Mmarekani George Westinghouse.

Alizaliwa mwaka 1846. Baba yake alikuwa na karakana ya mashine za wakulima, na humo kijana alijifunza ufundi. Zamani hizo watu walipanda juu ya mabehewa ya treni kukaza breki kwa mikono, na wengi walianguka wakafa. Mwaka 1869, akiwa na miaka 22, Westinghouse alibuni breki ya upepo, nayo ikamtajirisha.

Mwaka 1882 Thomas Edison aliwasha taa za umeme mjini New York. Lakini umeme wake ulidhoofika ndani ya waya. Kilomita moja au mbili, basi.

Wewe uliyekulia Upareni waijua ndiva. Maji hukusanywa juu, hushuka kwa nguvu hadi mbali, na kila mkulima huyapunguza yanapoingia shambani mwake. Umeme nao hupandishwa nguvu mwanzo wa safari, hushushwa karibu na nyumba. Hiyo ndiyo kazi ya transfoma.

Westinghouse hakuibuni peke yake. Alinunua haki ya chombo cha Gaulard wa Ufaransa na Gibbs wa Uingereza; mwaka 1886 fundi William Stanley akakitengeneza vizuri zaidi. Mwaka 1888 akanunua haki za mashine za Nikola Tesla. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Edison alimpinga, akisema umeme wa namna hiyo huua. Kweli huua, hata leo. Waya ulioanguka usiuguse, wala usimwache mtoto aukaribie. Lakini moto nao huunguza, na bado twapikia. Mwaka 1893 Westinghouse aliangaza maonyesho makubwa ya Chicago, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika Buffalo, zaidi ya kilomita 30.

Mwaka 1907 fedha ziliadimika Marekani, akapoteza mamlaka juu ya kampuni aliyoianzisha mwenyewe. Alifariki mwaka 1914. Taa hazikuzimika.

Njia hiyo hiyo ilifika kwetu. Maji ya mto Pangani yalianza kuzungusha mitambo ya Hale mwaka 1964 na ya Nyumba ya Mungu mwaka 1968, nguvu yake ikasafiri katika waya.

Basi, mzazi mwenzangu, mwanao akifungua redio mbovu ya betri aone kilichomo, usikimbilie fimbo. Muulize kwanza ameona nini.