SEVA MPYA: SAFARI HII HATUKUBALI



Habari imetufikia hapa Katito kwamba kampani yataka kununua seva mpya ya kupokea hesabu za vituo vyote vya mizani, na kwamba kamati ya kuichagua imekwisha kuundwa. Yumo Bwana Meneja, yumo mhasibu, yumo na mgeni mmoja kutoka kwa wauzaji. Karani hayumo. Fundi hayumo. Twauliza: mashine itakapozimika saa nne ya usiku, je, ni mhasibu atakayeamshwa?

Kuna watu wapendao kusema kwamba chama hupinga kila kitu kipya. Huo ni uwongo. Sisi tuliokuwapo zamani twaikumbuka vizuri seva ya kwanza, ile ya mwaka 2001, iliyokuwa ikipigiwa simu. Karani wa Katito, wa Ahero au wa Sondu akimaliza kupima, kompyuta yake ilipiga simu Kisumu, modemu zikalia kama ndege, hesabu zikaenda. Lilikuwa shauri jema. Siku zile barua ya kompyuta kutoka ofisi moja ya Kenya kwenda nyingine iliweza kuzunguka kwa setilaiti mpaka Marekani au Ulaya ndipo irudi. Kituo cha Nairobi cha kubadilishana intaneti, KIXP, kilianza Novemba 2000, kikafungwa mwezi uliofuata baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikafunguliwa tena Februari 2002. Basi kuwa na seva yako mwenyewe na kuipigia moja kwa moja ilikuwa akili.

Programu nayo ilikuwa huria: Linux, isiyotozwa ada, ambayo mtu yeyote aweza kuifungua akaisoma. Hilo pia twalisifu. Ubaya ulikuwa katika vyombo.

Waliochagua vyombo walifanya kama mtu anunuaye mtumbwi kwa kutazama rangi. Fedha nyingi zilikwenda kwa prosesa kubwa na skrini ya kupendeza. Kwa kazi gani? Laini zilikuwa nne tu. Laini moja ya kawaida, ikienda vizuri kabisa, hupitisha biti 33,600 kwa sekunde. Zote nne ni 134,400. Kompyuta kuukuu ya Pentium ingebeba mzigo huo huku yasinzia. Fedha zilipopungua, wakanunua modemu za bei rahisi, zile za kuchomekwa ndani. Hizo hazikuwa modemu kamili. Kazi yake kubwa ilifanywa na programu ya Windows, na Linux haikuzijua kabisa. Wiki tatu seva haikupokea simu hata moja.

Fundi wetu alikuwa amesema tangu siku ya kwanza: nunueni modemu za nje, kila moja na sanduku lake na taa zake. Taa humwonyesha hata mfagiaji kama laini imeshika au haikushika, na modemu moja ikigoma waizima hiyo peke yake, nyingine zaendelea na kazi. Akasema tena, tafuteni kadi ya matundu manne yenye chipu ya 16550A, ambayo huweka herufi 16 zikingoja prosesa. Ile 8250 ya zamani huweka moja tu, na zikija kwa haraka nyingine hupotea. Aliambiwa arudi kwenye waya zake.

Modemu za nje zilinunuliwa baadaye, kwa bei ya mara mbili, kwa sababu ziliandikwa 56. Lakini mwendo huo wa 56 haupatikani ila seva iwe imeungwa na simu kwa laini ya dijitali. Yetu ilikuwa na laini za kawaida. Kampani ikalipia 56 ikapata 33. Muuzaji alilijua jambo hilo, au basi hakuijua kazi yake. Juu ya kinga ya radi na waya wa ardhi hatusemi mengi. Kila mtu azijua radi za ziwa hili, isipokuwa waliotia sahihi.

Na nani alilipa? Makarani. Karani mmoja wa mizani, mama wa watoto, alikatwa mshahara wa siku mbili, ati hakupiga simu. Fundi akafungua daftari la seva, kwa maana Linux huandika kila simu na saa yake, akalichapa kwenye karatasi. Lilionyesha kwamba mama yule alipiga mara sita jioni ile, na mara zote sita laini ilikatika upande wa Kisumu. Fedha zake zilirudishwa.

Ndugu, hapo ndipo penye shida ya leo. Modemu zile zimekwisha, vituo sasa vyatuma hesabu kwa laini za simu ya mkono. Lakini hiyo seva wanayoitaka ni sanduku lililofungwa, lenye ada ya kila mwaka. Ukilifungua, dhamana imekufa. Daftari lake husomwa na muuzaji peke yake. Siku karani atakapoambiwa hakutuma, atajitetea kwa karatasi gani?

Twataka kompyuta ya kawaida, ambayo spea zake zapatikana Kisumu siku hiyo hiyo. Twataka programu huria kama zamani, diski mbili zenye hesabu zile zile, betri ya akiba, na waya wa ardhi uliopimwa. Twataka fundi mmoja na karani mmoja ndani ya kamati. Na mshahara wa mtu usikatwe kabla ya daftari la seva kusomwa mbele yake na mbele ya mjumbe wa chama.

Barua yetu imekwisha kupelekwa kwa Bwana Meneja. Jibu lake litasomwa katika mkutano wa tawi hapa Katito, Jumamosi, saa nane mchana. Kila karani aliyepata kukatwa mshahara kwa sababu ya mashine aje na hati yake.