Mpenzi wa muziki mtandaoni si mwenye gazeti

MPENZI wa muziki wa zamani anayetaka kumsikia Salum Abdallah au Mbaraka Mwinshehe hana tena haja ya kusubiri kipindi cha redio. Hufungua simu, akatafuta jina, na nyimbo zikamjia. Nyingi kati ya hizo hazikuwekwa mtandaoni na kampuni za muziki, bali na watu wa kawaida waliokuwa na kanda na santuri nyumbani, wakaamua kuwagawia wenzao kile wakipendacho.

Kwa mji wa Morogoro, jambo hilo si dogo. Katika miaka ya 1950 na 1960, mji huu ulikuwa na bendi mbili zilizoshindana vikali: Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe alijijengea jina kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Salum Abdallah alifariki dunia mwaka 1965 na bendi yake ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Mbaraka naye alifariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa Januari 1979.

Nchini hakukuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio za redio ya taifa jijini Dar es Salaam, na santuri zikatengenezwa Nairobi. Ndiyo maana urithi huo umetawanyika: sehemu imo katika maktaba ya redio, sehemu iko Kenya, na sehemu imo katika makabati ya watu binafsi. Hata mkusanyiko wa nyimbo za Salum Abdallah uliotoka katika CD miongo kadhaa baada ya kifo chake ulitolewa na kampuni ya Ujerumani. Katika hali hiyo, mtu anayeweka mtandaoni wimbo mmoja, akaandika mwaka wake na jina la mpiga solo, anafanya kazi ambayo taasisi hazijaikamilisha.

Swali la kujiuliza ni hili: sheria inamtazama mtu huyo kama nani?

Machi 2018 Serikali ilitangaza Kanuni za Maudhui Mtandaoni. Kanuni hizo zilimtaka kila mwenye blogu, jukwaa la majadiliano, redio au televisheni ya mtandaoni kupata leseni. Gharama zilikuwa Sh100,000 za maombi, Sh1 milioni ya leseni ya kuanzia na Sh1 milioni nyingine kila mwaka, yaani jumla ya Sh2.1 milioni kwa anayeanza. Aliyekiuka alikabiliwa na faini isiyopungua Sh5 milioni, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Asasi za kiraia na wadau wa habari walikwenda Mahakama Kuu Mtwara kuzipinga, wakapata zuio la muda, lakini kabla ya Mei kumalizika kesi ilikuwa imewaendea kombo. Mwezi uliofuata JamiiForums ilisimamisha huduma zake kwa muda.

Hoja ya Serikali haikukosa uzito. Uzushi, matusi na udhalilishaji mtandaoni vimeumiza watu wengi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilitungwa kwa kutazama maovu ya namna hiyo. Kosa la kanuni za 2018 lilikuwa kupima kwa kipimo kimoja vitu viwili visivyolingana. Chombo cha habari kina wahariri, matangazo na mapato. Mpenzi wa muziki ana simu, kifurushi cha intaneti na jioni moja ya mapumziko. Kumtoza mtu wa pili ada ya mtu wa kwanza ni kumwambia anyamaze. Asiye na fedha hukaa kimya, na kimya chake hakiingii katika takwimu yoyote.

Kanuni mpya zilitoka mwaka 2020, na marekebisho ya mwaka 2022 yakaelekeza sharti la leseni zaidi kwa wanaotoa habari na matukio. Hiyo ilikuwa hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, mpaka kati ya burudani na habari bado ni mwembamba. Anayesimulia jinsi Morogoro Jazz ilivyosafiri hadi maonyesho ya Osaka, Japan, mwaka 1970 anazungumzia muziki. Lakini anapogusa siasa za wakati huo, je, amekwishavuka mpaka?

Upande wa pili wa shilingi ni hakimiliki. Sheria ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, muda wa tungo za Salum Abdallah umekwisha, lakini tungo za Mbaraka zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029. Mapenzi ya kweli kwa msanii hayafuti haki ya warithi wake, na anayejipatia fedha za matangazo kwa jasho la marehemu hawezi kujificha nyuma ya neno "burudani".

Aidha, mtandao si ghala la kuaminika. Mei 2025 X ulizuiwa nchini, na Oktoba 29 mwaka huo, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Aliyekuwa ameweka kila kitu mtandaoni bila kubaki na nakala alijikuta mikono mitupu.

Kinachohitajika hakihitaji bajeti kubwa. Kanuni ziseme waziwazi kwamba mtu anayeshiriki mambo ayapendayo bila malipo hahitaji leseni, na awajibike tu kwa makosa yanayomhusu kila raia. Warithi wa wanamuziki wapewe njia rahisi ya kudai chao. Nao wapenzi wenyewe waandike majina ya watunzi na wapigaji, watunze santuri zao mahali pakavu, na wapeleke nakala kwenye maktaba za vyuo vikuu vilivyopo Morogoro. Waliowaona wanamuziki wale jukwaani wanazidi kupungua kila mwaka, na wanayoyajua hayajaandikwa yote.