CT-Scan karibu na wananchi: wajibu wa kupunguza mionzi kwa mgonjwa

Majeruhi wa ajali ya bodaboda anayefikishwa Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, au hospitalini Handeni, akiwa amepoteza fahamu, huhitaji jibu la haraka: je, kuna damu iliyovujia ndani ya fuvu? Kipimo cha CT-Scan hutoa jibu hilo kwa dakika chache, na mara nyingi ndilo linaloamua kama mgonjwa atafanyiwa upasuaji.

Kwa miaka mingi kipimo hicho kilipatikana katika hospitali kubwa chache nchini. Mwezi Oktoba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ustawi wa Taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliogharimiwa kwa mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Sehemu ya fedha hizo ilielekezwa katika ununuzi wa mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa wakazi wa Handeni na Korogwe, hospitali ya rufaa ya mkoa wao ni Bombo, jijini Tanga.

Hatua hiyo inaokoa maisha. Hata hivyo, kadiri kipimo kinavyosogea karibu, ndivyo unavyoongezeka uwezekano wa kuagizwa pasipo ulazima. Binadamu hupata wastani wa milisivati 2.4 za mionzi ya asili kwa mwaka. CT-Scan moja ya kichwa humpa mgonjwa takribani milisivati 2, na ya tumbo na nyonga huweza kufikia 8 hadi 10, ilhali picha ya kawaida ya eksirei ya kifua haizidi milisivati 0.1. Madhara yanayohofiwa ni ongezeko dogo la uwezekano wa kupata saratani miaka mingi baadaye, na watoto huathirika zaidi kuliko watu wazima.

Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 imeipa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC) jukumu la kudhibiti matumizi salama ya mionzi, ikiwemo kutoa leseni na kukagua vituo. Kwa mgonjwa hakuna kikomo cha mionzi kilichowekwa kisheria kama kilichopo kwa mtumishi wa chumba cha mionzi, kwa kuwa kikomo hicho kingeweza kumnyima tiba. Kinga yake inategemea misingi miwili: kipimo kiwe na sababu ya kitabibu, na mionzi itumike kwa kiwango cha chini kinachotosha kuonesha ugonjwa.

Msingi wa kwanza unaanzia wilayani, mbali na mashine yenyewe. Daktari anayeandika rufaa ndiye mlinzi wa kwanza wa mgonjwa. Pale altrasaundi, isiyotumia mionzi, inapoweza kujibu swali, itangulie. Rufaa yenye maelezo kamili, pamoja na picha za awali, humwepusha mgonjwa kurudia kipimo kwa sababu tu cha kwanza kilibaki nyumbani.

Msingi wa pili uko mikononi mwa mtaalamu wa mionzi. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki katika nchi 19 zinazoendelea, uliochapishwa mwaka 2010, ulibaini kuwa baadhi ya vituo viliwapima watoto kwa viwango vilivyopangwa kwa watu wazima. Dosari hiyo hurekebishwa bila kununua mashine mpya: hupangwa viwango kulingana na umri na uzito, hupigwa sehemu inayohitajika pekee, na kumbukumbu za dozi hulinganishwa na viwango rejea.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Anapaswa kutunza picha na majibu yake, kueleza vipimo alivyowahi kufanyiwa, na mwanamke kutaja mapema iwapo ni mjamzito au anahisi kuwa mjamzito. Ana haki pia ya kuuliza kipimo kitabadili nini katika matibabu yake. Swali hilo lisigeuke kuwa sababu ya kukataa kipimo kinachohitajika, kwani kwa majeruhi wa kichwa hatari ya kuchelewa ni kubwa mno kuliko ya mionzi.

Uwekezaji katika mashine utazaa matunda kamili pale rufaa inayoandikwa Handeni au Korogwe itakapopewa uzito uleule unaopewa mashine iliyopo mkoani.