Mkaguzi wa Umeme Apigapo Hodi

Juma hili tunaliacha jiko kwa muda, tuangalie kilichomo ndani ya kuta za nyumba zetu.

Wasomaji wetu wengi, hasa akina mama wa kambini na wale waliopanga mjini, humwogopa mkaguzi wa umeme kama wamwogopavyo mtoza ushuru. Akionekana Kasubi akiteremka kutoka Barabara ya Hoima, begi begani, waya hufichwa, pasi husukumwa mvunguni, na mtoto hutumwa mlangoni aseme kwamba mama hayupo. Hofu hiyo haikuzuka bure, kwa maana matapeli nao hujua kuvaa koti la kazi. Yafaa basi mgeni aombwe kitambulisho kwanza. Akikitoa, aitwe ssebo kwa heshima kama ilivyo desturi ya Kampala, na mlango ufunguliwe.

Tangu mwaka 1948 hadi 2001 kazi yote ya umeme nchini Uganda, kuanzia bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954 mpaka mita iliyo ukutani, ilikuwa chini ya shirika moja, Uganda Electricity Board. Sheria ya Umeme ya mwaka 1999 iligawa kazi hiyo. Siku hizi Mamlaka ya Kusimamia Umeme ndiyo hutoa vibali vya mafundi wa kutandika waya. Ramani za majengo hupitishwa na Mamlaka ya Jiji. Na usambazaji, uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Umeme tangu 2005, ulirudi kwa shirika la serikali, UEDCL, tarehe 1 Aprili 2025. Mwenye nyumba atakaye kuunganishiwa umeme hana budi kuonyesha hati iliyotiwa sahihi na fundi mwenye kibali. Kwa bahati mbaya, wako pia mafundi wasio na kibali, ambao watu wa Kampala huwaita kamyufu. Hao huja usiku, bei yao ni nafuu, na asubuhi hawapatikani tena.

Kasubi ina nyumba nyingi za chumba kimoja kimoja zilizopangana kwa safu, ziitwazo mizigo. Mara nyingi mita ni moja, na kutoka chumba cha kwanza waya umepenyezwa darini hadi cha mwisho. Waya huo ulikusudiwa taa tu. Lakini birika la umeme la wati 2,000 hutumia ampia zaidi ya 8, na pasi ya wati 1,000 hutumia ampia 4. Vyumba vitatu vikichemsha chai na kupiga pasi sare za kazini saa kumi na mbili alfajiri, waya wa taa hubeba karibu ampia 37. Mpira wake hulainika, hukauka, kisha hupasuka, na juu yake ni mbao za paa. Fyuzi ikikatika, mtu hutia msumari mahali pake, akajisifu kwamba ametengeneza. Kwa kweli amemwondoa mlinzi langoni.

Hata hivyo, fyuzi nzima nayo haitoshi, na hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui. Fyuzi huulinda waya; haimlindi mtu. Mwili wa binadamu wenye ngozi iliyolowa maji huzuia umeme kwa kiasi cha ohmu 1,000 hivi. Kwa volti 240 za nyumbani, umeme utakaopita mwilini ni kama robo ya ampia. Fyuzi ya ampia 5 haioni chochote, kwani robo hiyo ni sehemu moja ya ishirini ya kile inachokingoja. Kwa moyo wa mtu, robo ya ampia ni mauti. Ndiyo sababu mkaguzi hutafuta katika sanduku la mita swichi inayokata umeme unaovuja. Swichi hiyo hukata pindi miliampia 30 zinapopotea njia, tena kabla nusu sekunde haijaisha. Pembeni yake kuna kitufe kidogo cha kuijaribia. Kibonyezwe kila mwezi. Umeme usipozimika, swichi hiyo ni pambo.

Baada ya hapo mkaguzi hutoka nje na kuinama ukutani, na majirani hucheka wakidhani ameangusha kitu. Anatafuta ufito wa ethi, yaani ule ufito uliopigiliwa ardhini ili umeme uliopotea upate njia. Mara nyingine ufito upo lakini waya wa shaba umekwisha kuibwa na wezi wa vyuma chakavu. Mara nyingine vyote vipo, lakini udongo wa changarawe wa juu ya kilima umekauka kwa jua la Januari. Ufito ukiwa na kizuizi cha ohmu 60, umeme utakaopita ni ampia 4 tu. Fyuzi ya ampia 5 haitakatika, na pasi iliyoharibika itabaki na umeme kwenye chuma chake, ikimngoja mama aishike. Kwa hiyo mkaguzi hatosheki kuuona ufito. Huupima kwa mashine. Kisha huzima umeme wote na kupima mpira wa waya kwa volti 500. Kipimo kikiwa chini ya ohmu milioni moja, hatii sahihi.

Kwa jamaa za polisi tuna neno la pekee. Askari wengi wamelea watoto wao katika yunipoti, zile nyumba za mabati za mviringo. Nyumba ya udongo ikiguswa na waya uliochubuka huenda isilete madhara upesi. Nyumba ya bati huwa yote waya. Ukingo wa tundu ambamo waya huingilia hukata mpira kidogo kidogo, kila upepo unapovuma na kila jua linapopanua bati. Na kama kamba ya kuanikia nguo ni ya chuma, imefungwa kutoka yunipoti moja hadi nyingine, mama aanikaye nguo mbichi akiwa peku hupigwa na hitilafu iliyo kwa jirani. Waya upitishwe ndani ya bomba la plastiki, bati liunganishwe na ethi, na kamba iwe ya katani au nailoni. Gharama yake ni ndogo, na mkuu wa kambi akiombwa kwa barua ya wapangaji wote pamoja, ni vigumu kukataa.

Watu wa Kasubi hawahitaji kuhubiriwa juu ya moto. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 waliiona Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya makaburi ya Makabaka iliyojengwa mwaka 1882, ikiteketea pamoja na paa lake la nyasi. Hatusemi kwamba ulikuwa moto wa umeme. Tunasema waliona jinsi muda ulivyo mfupi. Ilipofika mwaka 2023 ndipo UNESCO ilipoyaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kikosi cha zimamoto cha nchi hii kimo ndani ya Polisi, kwa hiyo wanaotumwa kwenye nyumba za mizigo ziwakapo ni waume na wana wa wasomaji wetu.

Mtu akinaswa na umeme, asishikwe kwa mkono. Zima swichi kubwa kwanza; isipofikika, msukume kwa ubao mkavu, wala si kwa fimbo mbichi. Asipopumua, kifua chake kibonyezwe kwa nguvu na kwa haraka bila kukoma, huku wengine wakitafuta gari. Hata akizinduka na kuomba chai, apelekwe hospitali, maana moyo huweza kusumbuka baadaye.

Na kwa jamaa inayohama: kabla ya kufungua mizigo yenu katika chumba kipya, gusheni kitufe cha swichi, tazameni ufito wa ethi, kisha mwombeni mwenye nyumba awaonyeshe hati ya fundi. Akisema imepotea, ahidini kulipa kodi siku itakapopatikana.