Spesa za magurudumu: waliokaa kiti cha nyuma hawakuulizwa



Safu yetu imezoea kupokea maswali ya malezi, mirathi midogo midogo ya nyumbani na maelewano ya wanandoa. Barua tunayoijibu wiki hii inahusu gari, lakini tulipoisoma hadi mwisho tuliona kwamba pahala pake ni hapa hapa, katika ukurasa wa familia.

Mama mmoja wa Tanga anatueleza kwamba familia yake ina gari dogo aina ya Toyota IST, ambalo kijana wao wa kwanza ndiye hulitunza na kuliendesha. Kijana huyo alinunua rimu pana zaidi za mtumba. Zilipofungwa mbele, tairi likawa linagusa shokapu kwa ndani. Fundi akamaliza tatizo kwa nusu saa: aliweka spesa kati ya habu na rimu, gurudumu likasogea nje, na gari likapendeza. Baba alipopata habari alisema hapandi tena gari lile, na kijana akaona amedharauliwa. Wiki mbili zimepita salamu zikiwa za mdomoni tu. Na mwisho wa mwezi wanatakiwa kumpeleka bibi kliniki ya macho Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 300. Mama anauliza: nani kati yao ana haki?

Kabla ya kutoa hukumu, tuyaweke majina sawasawa. Hapa kwetu wengi wakisikia spesa hufikiria vile vipande vinavyowekwa kwenye springi ili kuinua gari lisiguse matuta. Hizo zina mjadala wake, na leo hatuzigusi. Tunazungumzia spesa ya gurudumu, yaani sahani ya duara, aghalabu ya aluminiamu, inayokaa kati ya habu ya gari na rimu. Ndugu yake ni adapta, ambayo humwezesha mtu kufunga rimu ambayo matundu yake hayalingani na ya gari lake. IST za kizazi cha kwanza, kwa mfano, zina stadi 4 zilizopangwa kwenye duara la milimita 100. Rimu yenye matundu 4 kwenye duara la milimita 114.3 haiwezi kuingia pale mpaka iwekwe adapta katikati.

Sasa tujiulize gurudumu hushikwa na nini. Wengi hudhani kwamba gari linaning'inia kwenye stadi kama kanzu inavyoning'inia kwenye msumari. Sivyo. Nati ikikazwa, stadi huvutwa na kunyooka kidogo sana, kama springi ngumu, na mvuto huo huibana rimu kwenye uso wa habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili zilizobanana ndio unaobeba kazi kubwa ya kuondoka, kufunga breki na kukata kona. Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza, na stadi hupata kazi ambayo haikuumbiwa: kupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka. Chuma hakivumilii hali hiyo kwa muda mrefu. Huchoka, hupata ufa, kisha hukatika. Stadi moja ikikatika, zilizobaki huelemewa zaidi.

Kwa hiyo kila swali kuhusu spesa hurejea kwenye jambo moja: je, mbano ule bado upo, na utaendelea kuwapo?

Spesa ya kwanza, na ndiyo iliyoenea kwa kuwa ni rahisi, ni ile sahani tupu yenye matundu. Haina stadi zake wala nati zake. Hupachikwa juu ya stadi za gari, rimu ikafuata, nati zikakazwa. Hesabu yake haihitaji chuo. Stadi za IST zina kipenyo cha milimita 12, na kila mzunguko mmoja wa nati husogea milimita 1.5. Ukiweka sahani ya milimita 8, umenyang'anya nati zaidi ya mizunguko 5 ya uzi. Kanuni ya kawaida ya mafundi ni kwamba nati ishike uzi kwa urefu usiopungua kipenyo cha stadi. Kwa stadi ya milimita 12, hiyo ni mizunguko 8 kamili. Nati iliyoshika mizunguko 4 au 5 inaweza kukazwa ikaonekana imara kabisa gereji, na uzi wake ukavuliwa siku ya joto, gari limejaa watu, likiteremka mlima.

Tatizo la pili ni kitovu. Katikati ya habu ya IST kuna mdomo wa duara wenye kipenyo cha milimita 54.1, na rimu yake ya asili ina tundu la kipimo hicho hicho. Mdomo huo huiweka rimu katikati barabara kabla nati hazijakazwa. Spesa nene huufunika mdomo huo. Ikiwa haina mdomo wake yenyewe upande wa nje, rimu hubaki ikitegemea nati peke yake kujiweka katikati. Ikikosea kidogo tu, usukani hutetemeka, na mtetemo wa kila siku ni adui wa nati.

Aina ya pili ni spesa au adapta yenye stadi zake. Hiyo hufungwa kwenye stadi za gari kwa nati za ndani, kisha rimu hufungwa kwenye stadi za spesa kwa nati za nje. Hapa uzi hauibwi, na hilo ni jema. Lakini inahitaji unene wa kutosha, aghalabu milimita 20 au zaidi. Ikiwa nyembamba kuliko hivyo, ncha za stadi za gari huweza kuchomoza na kuisukuma rimu isikae sawa. Aidha, sasa gurudumu moja lina viungo viwili vya kulegea badala ya kimoja, na kile cha ndani hakionekani wala hakifikiwi mpaka gurudumu livuliwe. Mtu anaweza kukaza nati za nje kila Ijumaa huku za ndani zikijifungua taratibu.

Tusimwonee mtu, wala tusikiite kila kitu hatari. Porsche hutoa spesa za magurudumu kwa baadhi ya magari yake ya 911, zikiwa zimepimwa na kuambatana na boliti ndefu zaidi zinazofidia unene ulioongezwa. Ujerumani spesa huruhusiwa barabarani iwapo ina cheti cha kuthibitishwa kwa gari husika na imefungwa kama cheti kinavyoelekeza. Basi tofauti ya spesa salama na spesa ya maangamizi iko katika kipimo, madini, ufungaji na ufuatiliaji. Isipokuwa hata ile iliyo bora ina gharama yake. Gurudumu likisogea nje milimita 20, uzito wa gari huivuta beringi kwa mkono mrefu zaidi, nayo huchakaa mapema. Usukani huwa mzito, au huvutwa upande mmoja kwenye mashimo. Na tairi lisilogusa kitu gari likiwa tupu huweza kukwangua fenda abiria wakiwa watano na buti limejaa mizigo.

Tulimwandikia mama tukamwomba jambo dogo kabla hatujasema nani ana haki. Baba na kijana walitazame gurudumu pamoja. Gari lisimame pahala tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa. Walegeze nati moja tu ya gurudumu la mbele, kisha waizungushe taratibu kwa mkono wakihesabu mizunguko kamili mpaka itoke. Baada ya hapo waikaze tena kabla ya kuondoka. Tulipendekeza kijana ndiye azungushe na baba ndiye ahesabu.

Jibu lilitufikia baada ya siku tatu. Nati ilitoka kwenye mzunguko wa 5. Mama anasema kijana aliishika mkononi akanyamaza, kisha akauliza, "Baba, ina maana tumekwenda Muheza na kurudi kwa hii?" Baba akajibu, "Alhamdulillah tumerudi, mwanangu. Lete jeki." Siku hiyo hiyo spesa zilitolewa, rimu za asili zikarudishwa, na zile pana zimewekwa stoo zikisubiri mnunuzi mwenye gari linalozifaa.

Basi hukumu yetu, kwa kuwa mama aliiomba, ni hii. Baba alikuwa na haki katika wasiwasi wake, lakini kususa hakukumlinda mtu yeyote. Kama yeye hapandi na mkewe, wanawe na mama yake wanapanda, hatari imebaki pale pale. Kijana alikosa, lakini hakukosa kwa ukaidi. Alikabidhi jambo kwa fundi akadhani fundi amepima, naye fundi alitibu mguso wa tairi bila kuhesabu uzi. Ilitakiwa mmoja wao aulize swali moja, na hakuna aliyeliuliza.

Kwa familia ambazo tayari zina spesa kwenye magari yao, ushauri wetu ni huu. Ikiwa ziliwekwa kwa ajili ya urembo tu, zitoeni. Rimu yenye vipimo sahihi tangu mwanzo ni njia fupi na salama kuliko kurekebisha rimu isiyofaa. Ikiwa ipo sababu ya lazima, iwe ni aina yenye stadi zake, imetengenezwa kwa vipimo vya gari lenu hasa, pamoja na tundu la kitovu. Kamwe msikubali spesa mbili zipangwe moja juu ya nyingine, wala adapta iliyochongwa mtaani kwa kukadiria. Nyuso za habu, spesa na rimu zisuguliwe mpaka kutu iishe, zisipakwe rangi wala grisi. Umbo la nati lilingane na kitako cha tundu la rimu, kwa kuwa nati ya kitako bapa na ile ya mchongoko hazibadilishani.

Ukazaji wenyewe usiachiwe mashine ya hewa peke yake, wala mguu wa fundi juu ya spana. Ipo spana maalumu inayopima nguvu ya kukaza. Magari mengi madogo ya Toyota huhitaji Newton-mita 103, na kitabu cha gari lenu kitasema kipimo chake. Nati zikazwe kwa kuvukana, si kwa kufuatana. Baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena, za ndani pia, kwa kuwa nyuso mpya hukaa na mbano hupungua. Mwarifuni na kampuni yenu ya bima, maana badiliko lisilotajwa huweza kuleta mgogoro siku ya dai.

Na mkiwa njiani, zijueni dalili. Usukani unaoanza kutetemeka ghafla, mlio wa kugonga unaokwenda na mzunguko wa gurudumu, au michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati. Mkisikia au kuona mojawapo, msiseme tutafika. Punguzeni mwendo bila kufunga breki kwa nguvu, tokeni barabarani, washeni taa za tahadhari, wekeni pembetatu, na abiria wote washuke wakae mbali na njia. Gurudumu linalochomoka halimalizi kazi kwa mwenye gari. Ni mzigo wa kilo zaidi ya kumi unaokimbia kwa mwendo wa gari, na mbele yake huenda kuna kituo cha daladala au watoto watokao madrasa.

Hilo la mwisho ndilo lililotufanya tuipe barua hii nafasi yote ya wiki. Anayeendesha alichagua rimu, alichagua fundi, alichagua na mwendo. Bibi aliyeketi nyuma na mkoba wake wa dawa hakuchagua chochote. Alifunguliwa mlango akaambiwa, karibu, akaingia kwa kuamini. Kuamini kwake ni amana, na mwenye amana huikagua kabla hajaulizwa.

Bibi, tumearifiwa, amefika kliniki na amerudi salama. Barabarani alilalamikia jambo moja tu: kwamba kijana alisimama Segera akazunguka gari zima akigusa nati moja moja, na chai ikapoa.