Mkonge ulipokwisha Yucatán, kiti cha basi dogo kikawa mzigo mpya

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Kwa msafirishaji wa Tanga, Voi au Mombasa, jina la Yucatán huenda ni geni. Lakini katani anayoifunga kwa turubai kwenye lori lake asili yake ni huko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, ambako mmea huo ulikuwa umepelekwa kutoka Yucatán katika miaka ya 1830. Vilivyofika na kustawi Tanga vilikuwa 62 tu, na kutoka hivyo 62 ndipo yalipoanza mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa mkonge. Hata jina "sisal" linalotumika katika soko la dunia ni la bandari ndogo ya pwani ya Yucatán.

Leo jimbo hilo la kusini mashariki mwa Mexico haliishi tena kwa katani. Mashamba yake ya zamani yanapokea abiria. Kila asubuhi mabasi madogo hutoka mji wa Mérida yakiwa na wageni na mwongozaji mmoja, hupitia majumba ya wakoloni, magofu ya Wamaya na mabwawa ya chini ya ardhi, kisha hurudi jioni. Ni biashara ya siku moja, na wasafirishaji wetu wanaielewa vizuri: gari, kiti, njia, geti na kibali. Swali la makala haya ni moja. Fedha anayolipa mgeni asubuhi, jioni inakuwa mfukoni mwa nani?

Kutoka katani hadi abiria

Mérida ilianzishwa na Wahispania mwaka 1542 juu ya mji wa Wamaya. Kanisa kuu lake, lililokamilika mwaka 1598, lilijengwa kwa mawe ya mahekalu yaliyobomolewa. Utajiri mkubwa ulikuja baadaye, katika karne ya 19, pale wakulima wa ngano wa Marekani walipohitaji kamba za kufungia mavuno. Yucatán ilikuwa na henequen, ndugu wa mkonge wetu, na kwa miongo kadhaa ilitawala soko hilo. Mabwanyenye wa katani walijenga majumba ya fahari katika barabara ya Paseo de Montejo, ambayo leo ni kituo cha lazima katika kila ziara ya mji.

Upande wa pili wa utajiri huo ni habari ambayo wazee wetu wa Korogwe na Muheza wangeitambua mara moja. Kwenye mashamba makubwa, yaitwayo hacienda, vibarua wa Kimaya walifungwa kwa madeni. Walilipwa kwa vibati vilivyotumika katika duka la shamba peke yake. Wayaqui kutoka kaskazini mwa nchi waliletwa kwa nguvu kufanya kazi humo. Manamba wetu walikuwa na kipande, wao walikuwa na daftari la deni.

Anguko lilikuja kwa hatua. Tanganyika yenyewe, pamoja na Brazil, ilichukua sehemu ya soko. Mwaka 1937 Rais Lázaro Cárdenas aligawa ardhi ya mashamba kwa wanavijiji. Kisha zikaja nyuzi za plastiki. Shirika la serikali la Cordemex, lililoanzishwa mwaka 1961 kusimamia zao hilo, lilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vikabaki majumba, mashine zenye kutu na reli nyembamba za kubebea majani. Baadhi ya hivyo ndivyo vinavyouzwa leo kwa mgeni.

Njia nne, siku moja

Mérida ni kama stendi kuu. Kusini kuna magofu ya Uxmal, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996. Mashariki kuna Izamal, mji uliopakwa rangi ya njano wenye monasteri kubwa ya Wafransisko, na mbele yake Chichén Itzá, kivutio kinachopata wageni zaidi ya milioni mbili kwa mwaka katika miaka mizuri. Magharibi, kilomita kama 90, kuna Celestún, ambako wavuvi huwapeleka wageni kwa boti kuona heroe, wale flamingo wa rangi ya waridi, hasa kati ya Novemba na Machi. Kusini mashariki kuna Cuzamá na Homún, vijiji vya cenote, yaani mashimo ya chokaa yenye maji safi ya chini ya ardhi.

Umbali huu ndio siri ya biashara. Kila njia inakwenda na kurudi kabla ya usiku kuingia. Dereva halali nje, gari linarudi kwenye karakana yake, na mgeni analala hotelini mjini. Lakini umbali huohuo ni udhaifu, kwa sababu kijiji kinapata mgeni kwa saa mbili tu. Asipotoa fedha ndani ya saa hizo, hatoi tena.

Hesabu ya viti kumi na sita

Tuchukue mfano wa kufikirika, kwa tarakimu rahisi. Gari lenye viti 12 lina gharama ya dola 240 kwa siku: mafuta, dereva, mwongozaji, bima na uchakavu. Gharama hiyo haibadiliki hata akipanda abiria mmoja. Kila mgeni anauziwa ziara kwa dola 84. Kiingilio na chakula chake ni dola 39.

Kama mgeni ameletwa na hoteli au tovuti ya kuuza ziara inayokata robo ya bei, dola 21 zimekwenda. Kinachobaki kwa mwenye gari ni dola 24 kwa kichwa. Gawa 240 kwa 24: anahitaji abiria kumi ndipo arudishe gharama. Wakiwa wanane, amepata hasara ya dola 48.

Sasa mwenye gari huyohuyo auze mwenyewe bila wakala. Kinabaki dola 45 kwa kichwa, na abiria sita wanatosha kumtoa na faida ya dola 30. Tofauti ya viti kumi na viti sita si ya barabara wala ya bei ya dizeli. Ni ya nani ameshika simu ya mteja. Ndiyo maana katika biashara hii wenye magari wengi hufanya kazi kwa bidii huku faida ikikaa kwa muuzaji aliye mbali.

Geti na leseni

Mwongozaji nchini Mexico si mtu yeyote anayejua Kiingereza. Anatakiwa kuwa na kitambulisho cha Wizara ya Utalii, na kanuni mbili za mwaka 2002 zimetenganisha kazi hiyo. NOM-08-TUR inahusu waongozaji wa jumla na wa utamaduni, na NOM-09-TUR inahusu wale wa shughuli maalumu, zikiwemo za mazingira. Gari nalo linalobeba watalii kwenye barabara kuu za shirikisho linahitaji kibali cha shirikisho cha usafiri wa utalii. Teksi ya mji haiwezi tu kubandika karatasi na kuanza safari.

Kwenye magofu makubwa, geti lina mikono miwili. Taasisi ya taifa ya mambo ya kale, INAH, inatoza kiingilio chake na serikali ya jimbo inatoza chake. Jumla anayolipa mgeni kutoka nje ni zaidi ya ile ya raia. Kwa mwenye ziara, fedha hizi zinapita tu mkononi mwake. Kwa wanavijiji wa jirani nazo si zao, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Chichén Itzá imekuwa kwa miaka mingi na wachuuzi wa Kimaya wanaopanga vinyago ndani ya eneo la kale, na mamlaka zimeshindwa kupata namna ya kuwatoa. Aliyezaliwa jirani na jiwe hilo anaona mabasi yakipita, na nafasi yake pekee ya kugusa fedha ya mgeni ni kumuuzia kitu njiani.

Kijiji chenye kitu chake

Hali ni tofauti pale kijiji kinapomiliki hatua ya mwisho ya safari. Celestún, basi la Mérida linafika ukingoni na kusimama. Kuanzia hapo boti ni za watu wa Celestún, na bei hutozwa kwa boti nzima, wageni wakagawana. Cuzamá, basi linasimama, na mgeni anapanda kitoroli kinachokokotwa na farasi juu ya reli ileile iliyobeba majani ya henequen. Reli ya zao lililokufa imepata mzigo mwingine. Homún, vijana wa pikipiki za magurudumu matatu, ndugu wa bajaji zetu, huwasubiri wageni na kuwazungusha kwenye cenote zilizo katika ardhi za familia mbalimbali.

Homún pia imeonyesha nini kinatokea wanakijiji wanapokuwa na kitu cha kupoteza. Ulipokuja mradi wa shamba la nguruwe 49,000 karibu na kijiji, wakazi waliona kwamba kinyesi kingepenya kwenye chokaa na kufika katika maji wanayoyauza kwa wageni na kuyanywa wenyewe. Mwaka 2017 walipiga kura ya kijiji na kukataa. Mwaka 2018 hakimu wa shirikisho alisimamisha shughuli za shamba hilo, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya nchi ikaunga mkono usimamishaji huo. Kijiji kisichopata senti kutokana na maji hayo kingeweza kunyamaza. Hiki kilikuwa na mapato ya kila siku ya kulinda.

Meli na treni

Mabadiliko mawili yanaigusa sasa biashara hii. La kwanza ni meli za kitalii zinazofunga Progreso, bandari yenye gati refu la zaidi ya kilomita sita kwa sababu bahari ya hapo ni ya kina kifupi. Abiria wa meli ana saa chache tu, na mara nyingi ziara yake ameinunua melini. Julai 2025 Mexico ilianza kutoza kila abiria wa meli hizo dola 5, na mpango uliokubaliwa na kampuni ulikuwa kupanda kwa hatua hadi dola 21 mwaka 2028. Serikali awali ilitaka dola 42.

La pili ni Tren Maya, reli ya zaidi ya kilomita 1,500 iliyoanza kubeba abiria Desemba 2023 na ambayo ujenzi wake ulipingwa kwa kukata msitu na kupita juu ya mapango. Wenye mabasi waliogopa kunyang'anywa abiria. Lakini kituo cha Mérida kiko nje ya mji, na cha Chichén Itzá kiko mbali na magofu. Abiria akishuka bado anahitaji gari. Aliyejipanga kwenye kipande hicho cha mwisho amepata kazi. Aliyetegemea njia ndefu peke yake ndiye aliyebanwa.

Na sisi mpakani?

Vita vya kiti na geti tumevipigana wenyewe. Makubaliano ya Kenya na Tanzania ya mwaka 1985 yaliweka utaratibu wa magari ya watalii ya upande mmoja kushusha wageni katika miji ya mpakani ili wachukuliwe na ya upande wa pili. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya Tanzania kuchukua wageni uwanja wa ndege wa Nairobi. Machi 2015 Tanzania ikapunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki, mpaka marais wa nchi mbili walipokutana. Julai 2025 Tanzania iliweka kazi ya kuongoza watalii katika orodha ya biashara 15 zilizofungwa kwa wasio raia, na Kenya ikalalamika.

Kila mara ugomvi ulikuwa juu ya nani ambebe mgeni kwenye barabara kuu, na juu ya kipande kifupi cha mwisho hakuna aliyepigana. Kwenye ukanda wa pwani wa Mombasa na Tanga, unaopitia Lunga Lunga na Horohoro, kuna misitu ya Kaya, mapango ya Shimoni, mapango ya chokaa ya Amboni, magofu ya Tongoni na mashamba ya mkonge ambayo, tofauti na ya Yucatán, bado yana korona zinazosaga majani.

Mwenye lori hatakuwa mwongozaji kesho asubuhi, wala katani haijaisha kuwa mzigo. Lakini Yucatán inafundisha jambo ambalo halihitaji viza wala itifaki. Makao makuu yatagombania basi, na wakala atakata robo yake. Fedha inayolala kijijini ni ile inayolipwa kwa boti, kitoroli, bajaji na mlango wa pango. Hivyo vinne vipate wenyewe, wenye leseni na bei iliyoandikwa ukutani, kabla basi la kwanza halijafika.